Mama Aligeuza Kiti

Hietaperä, 18 Januari 1976

Mwanangu Hellevi,

Habari za huko? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu nishuke melini linanikumbusha umri wangu kila nikiinama kukamua. Ng'ombe wangu Mansikki naye alininunia siku mbili nzima. Hakutaka kuguswa, kana kwamba nilikuwa nimekwenda kumletea mke mwenza zizini. Sasa tumepatana.

Nashukuru kwa wiki nne zile. Mwambie baba Staffan nashukuru kwa kahawa. Mwanamume anayeamka kabla yako kumchemshia kahawa mama mkwe asiyejua lugha yake, tena mkwe wa bila ndoa, hata mimi nakosa la kumsema. Niliyokuwa nayo nilimwambia kwa Kifini, akaitikia kwa kichwa huku akitabasamu. Heri hakuelewa.

Sauti ya mtoto bado ninayo masikioni. Unajua nilivyoishi kwako: mkiwasha televisheni, mimi nachukua sufu yangu naenda jikoni, nakaa nikiupa mlango mgongo. Hukunitania hata siku moja, na hilo niliona. Lakini asubuhi ile ya sikukuu ya Lusia, Staffan alipoanza kuimba peke yake humo kwenye televisheni wenzake wakiwa wamenyamaza, niliutambua wimbo. Ni ule ule tunaouimba sisi hapa wakati wa Krismasi. Maneno yao sikuyajua hata moja. Basi niligeuza kiti. Nikamwona amevaa kanzu nyeupe na kofia ya nyota, jino la mbele halipo, anamwimbia Mwokozi bila woga. Nilitazama hadi mwisho.

Jumanne Lempi alikuja kunywa kahawa nikamsimulia yote. Alifurahi nami, akauliza kama mtoto amemrithi marehemu baba yako. Nikamwambia masikio ni yake, sauti sijui kaitoa wapi, maana kwetu hakuna mwimbaji.

Mama yako

—

Göteborg, 1 Februari 1976

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Sisi tu wazima. Staffan ana mafua, na baba yake ana mafua makubwa zaidi, kwa jinsi anavyolalamika. Kazini mashuka ya hospitali hayaishi, tunafua kama tunaofua mto wenyewe.

Mama, kwa nini umwambie Lempi? Najua ni rafiki yako tangu kipaimara. Lakini ana mume, na mume ana mdomo, na wazee wa nyumba ya sala wana masikio. Mwaka jana tu walimwita yule fundi wa redio wamhoji kwa kutazama televisheni. Nimekosa raha tangu nisome barua yako.

Kuna na jingine, nimelimeza miaka tisa. Barua zako kwa Mjomba Arvo zinaanza na "Salamu ya Mungu". Kwa Lempi vilevile. Kwangu ni "habari za huko", kama unavyomsalimu muuza mbegu. Hata bandarini, nilipokukimbilia, ulinipa mkono ukasema habari za mchana. Baba Staffan hakuona kitu, kwake salamu ni salamu. Mimi niliona.

Najua salamu ile ni ya mwamini kwa mwamini. Mimi nilitoka. Hakuna aliyenifukuza, nilisimama mwenyewe nikasema siamini, kwa sababu sikuamini, na wewe ndiye uliyenifundisha nisitamke lisilo moyoni. Sikuombi unidanganye. Ila ningependa siku moja mama yangu anisalimu kama anavyowasalimu watu wake.

Mwanao,
Hellevi

—

Hietaperä, 22 Machi 1976

Mwanangu Hellevi,

Habari za huko, na mafua yamekwisha? Kwetu theluji imefika dirishani, lakini jua limeanza kurudi.

Salamu uliyoiomba siwezi. Nimeliwaza sana. Wewe hukutaka kusema lisilo moyoni, nami hivyo hivyo. Usinikasirikie, tumefanana tu.

Ulisema kweli kuhusu Lempi. Hakuwa na nia mbaya, ila furaha haikai kifuani, na mumewe naye hakuweza kulala nayo. Jumapili ya tarehe saba, baada ya ibada, nikaombwa nikae kiti cha mbele. Mjomba wako Arvo ndiye aliyeongoza. Niliulizwa kama nimetazama televisheni. Nikasema ndiyo. Kwa muda gani? Nikasema wimbo una beti tatu. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya kukohoa.

Halafu Arvo akaniuliza kwa upole kabisa kama naona ilikuwa dhambi, maana nikiiona ataitamkia msamaha pale pale, tukanywe kahawa, yaishe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimeitafuta dhambi hiyo moyoni tangu Desemba. Nimeona furaha tu."

Wakanisihi kwa saa nne. Walisema chombo kile ni mlango wa dunia, na leo ni wimbo, kesho ni uchafu. Nikasema chombo sikitetei, nikipewa bure nitafugia kuku ndani yake. Lakini siwezi kumjutia mtoto yule. Kutubu usilolijutia ni kumdhihaki Mungu. Arvo alilia. Wengine pia. Hakuna aliyepaza sauti; wangepaza, ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Mwishowe wakasema mimi siko tena ndani ya imani mpaka moyo wangu utakapolainika, na nilipotoka kila mtu aliniaga kwa "kwaheri" ya watu wa njiani.

Sasa dukani naambiwa habari za mchana.

Mama yako

—

Göteborg, 4 Aprili 1976

Mama,

Sina habari za kuuliza, najua haziwezi kuwa njema. Nimelia kwa hasira hadi Staffan akaja kuniuliza nani amekufa.

Njoo ukae nasi. Nasema kweli. Chumba kipo, na kuna Wafini wengi mno kwenye viwanda vya huku, hutakosa wa kuzungumza naye. Baba Staffan amekwisha pima dirisha akufanyie rafu ya maua. Anasema pia ana rafiki gazetini, wanaweza kutuma mtu huko aandike jinsi bibi wa miaka sitini na minane anavyofukuzwa kwa kumtazama mjukuu wake. Mimi natamani waandike.

Alichoniudhi ni kimoja. Aliuliza, kwa moyo safi kabisa, mbona mama asihamie kanisa jingine, yako mengi, si achague? Kama mtu anayebadilisha duka la mkate. Nilijaribu kumweleza nikashindwa.

Mwanao,
Hellevi

—

Hietaperä, 10 Juni 1976

Salamu ya Mungu, mwanangu Hellevi.

Usishtuke. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima, kahawa ikapoa. Kwa sheria yetu mimi sasa salamu hii sina ruhusa ya kumpa yeyote, na hakuna anayenipa mimi. Nikasema moyoni, ikiwa ni kuvunja, basi nimvunjie mwanangu. Nimelitazama neno lenyewe pia. Ni kumtakia mtu Mungu, na hilo nakutakia kweli kila siku, sijadanganya.

Kuja kwenu siwezi. Huko mngenitunza vizuri mno, na hakuna ambaye angenikataza chochote, kwa kuwa hakuna ambaye ingemhusu naamini nini. Hapa wamenitoa, lakini wanajua wamenitoa katika nini. Mwambie baba Staffan rafu aiweke, atie maua yake mwenyewe.

Na yule mtu wa gazeti asije. Nakusihi, mwanangu. Akija watu watacheka, na watakayemcheka ni Arvo. Arvo ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani, na siku hizi akipita hapa mbele hupunguza mwendo, anatazama kama moshi unatoka kwenye bomba langu. Akiuona anaendelea.

Jumapili nakaa nyumbani najisomea mahubiri mwenyewe. Sijui kama mimi ni msomaji hodari, ila hakuna wa kuniambia nimekosea wapi.

Mama yako

—

Göteborg, 29 Juni 1976

Mama yangu,

Barua ilifika nikienda kazini, nikaifungulia kwenye ngazi. Sikupita mstari wa kwanza. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, jirani akaniuliza kama nimeanguka. Mimi mtu nisiyeamini, Mama, sijui kwa nini salamu ile imeniingia hivyo. Nimeiweka mfukoni mwa koti la kazi.

Mtu wa gazeti hatakuja. Nilikuwa karibu kukubali, kisha Jumamosi tukawa na wageni, rafiki zake baba Staffan, watu wapole, wasomi. Wakaanza kuulizana kuhusu "wale watu wa kaskazini" wenye watoto kumi na wawili na wanaoona hata mapazia ni dhambi, na vicheko vikaanza. Mmoja akasema watu kama hao wanahitaji daktari. Nikajikuta nawatetea. Mimi! Nikawaambia baba yangu alipougua, watu hao walivuna nyasi zetu zote kwa siku mbili bila kuitwa. Mtu akaomba apitishiwe viazi.

Kwao mimi ni wa kwenu, na kwenu mimi ni wa kwao. Wewe sasa unajua inavyokuwa.

Mwanao,
Hellevi

—

Hietaperä, 14 Novemba 1976

Salamu ya Mungu, Hellevi.

Samahani kwa kimya. Nilikuwa hospitali ya mjini wiki tatu. Ni moyo. Nilianguka zizini, na kama si dereva wa gari la maziwa, Mansikki angekuwa mjane. Sasa niko nyumbani, ng'ombe wamechukuliwa na jirani, na muuguzi wa serikali anapita mara mbili kwa wiki. Daktari alisema moyo umechakaa na haushoneki.

Huko wodini walikuwa wema kupita kiasi. Waliniletea televisheni kwenye kigari, wakidhani wananiburudisha. Nikaomba waigeuzie ukutani. Muuguzi mmoja kijana akaniambia, "Bibi, siku hizi kila mtu yuko huru." Nikamjibu ndiyo, na mimi niko huru kuigeuza. Akacheka, akaigeuza. Unaona jinsi nilivyo: wa kwetu wamenitoa kwa chombo kile, nami bado sikitaki.

Sasa nikuambie ukweli, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Nimekosa mikono. Sikujua kama ni kitu cha kukosa. Maisha yangu yote sijaingia nyumba ya mtu hapa bila kushikwa mkono na kutakiwa Mungu. Lempi nilikutana naye dukani. Akasema habari za mchana, na kidevu kinamtetemeka, nikamwonea huruma yeye kuliko mimi.

Kufa sikuogopi. Naogopa kufa bila wa kunitamkia. Unakumbuka jinsi ilivyo kwetu: dhambi hazisamehewi hewani, ni lazima mwamini mwenzako akutamkie maneno ya msamaha kwa kinywa chake, uyasikie. Mama yangu alitamkiwa na baba. Baba yako nilimtamkia mimi, mkono wangu shingoni mwake, akaenda kwa amani. Mimi ni nani atakayenitamkia? Jioni nasema maneno yale mwenyewe, lakini mtu hawezi kujitamkia, ni sawa na kujipa mkono.

Mama yako

—

Göteborg, 28 Novemba 1976

Mama,

Nimeomba ruhusa kazini, wanasema nitapata nafasi baada ya mwaka mpya. Barua itatangulia, kwa hiyo nisikilize, usiweke karatasi chini kabla ya kumaliza.

Tubu. Mwite Mjomba Arvo umwambie ilikuwa dhambi. Anangoja tu, umesema mwenyewe anavyopunguza mwendo. Ni neno moja, "ndiyo", na watu wako wote watarudi mlangoni. Sitaumia. Staffan hatajua kamwe, na hata akijua nitamweleza. Unashikilia beti tatu za mtoto ambaye amekwisha kuusahau wimbo wenyewe, siku hizi ni mpira tu.

Najua ninachokuomba. Najua ni mimi ninayekiomba, mimi niliyeacha kila kitu kwa kukataa kusema neno kama hilo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na moyo mzima. Sitaki ufe peke yako kwa ajili ya ukweli. Nilidhani naupenda ukweli kuliko kitu chochote, Mama, kumbe nakupenda wewe zaidi. Nakuomba kwa magoti.

Mwanao,
Hellevi

—

Hietaperä, 9 Januari 1977

Mwanangu Hellevi,

Habari za huko?

Utaona nimerudia salamu ya zamani. Nimepokewa tena, na salamu ya waamini si yangu peke yangu, siwezi kuigawa nitakavyo. Nisamehe. Naandika nimelala, utanivumilia mwandiko.

Nilimtumia Arvo ujumbe kwa muuguzi. Alikuja saa ile ile, na viatu vya zizini, na nyuma yake Lempi na mumewe na wengine hadi chumba kikajaa. Arvo alipiga magoti kando ya kitanda akauliza swali lile lile moja. Nikasema, "Ndiyo, ilikuwa dhambi." Basi. Akaniwekea mkono shingoni akanitamkia. Lempi akalia juu ya bega langu akinitaka radhi, nami nikamtamkia yeye. Kisha wote, mmoja mmoja, wakanishika mkono: Salamu ya Mungu, Saimi. Walipika kahawa jikoni kwangu, wakachota maji, wakapanga kuni. Tangu siku ile sijalala peke yangu nyumbani. Sijapata kufurahi hivyo tangu ulipozaliwa.

Lakini Hellevi, nilidanganya. Haikuwa dhambi. Ningeombwa leo nigeuze kiti ningekigeuza. Arvo aliponiambia dhambi zote zimesamehewa, mimi nilikuwa nimetoka kumdanganya pumzi moja kabla, yeye na Mungu pamoja. Sijawahi kusema uongo wa namna hiyo, sasa ninao mmoja, na umeshika mahali pote. Niutubu vipi? Lazima nimwambie mwamini. Nikimwambia, nimetoka tena, na kutoka mara ya pili sitaweza, sina moyo wa kubeba.

Sikulaumu. Uliniomba kwa mapenzi, na mimi nilitaka kuombwa.

Ni wewe tu unayejua. Funguo za kusamehe huna, mwanangu, nisikudanganye na wewe. Lakini nimewapitia watu wote kichwani na hakuna mwingine. Niandikie maneno yale. Unayajua, ulitamkiwa kila jioni ukiwa mtoto, hata siku uliyoiba sukari ukakana.

Fanya upesi.

Mama yako

—

Göteborg, 19 Januari 1977

Mama yangu,

Sikuulizi hali, nitaiona. Hii ni karatasi ya nne.

Ya kwanza nilikuandikia kwamba hukukosa kitu, na Mungu wa namna hiyo simtaki. Nikaichana, kwa kuwa hukuniuliza namtaka Mungu gani. Ya pili na ya tatu zilikuwa za kilio tu.

Nilimweleza baba Staffan. Akanishika mabega akasema, kwa upole wake, "Si umwandikie tu, ni maneno." Hapo nikajua siwezi kukuandikia kama maneno tu. Karibu miaka kumi nilikataa kutamka kitu kimoja nisichokiamini, na kwa hicho nikaacha nyumba na kaburi la baba, nikawa mtu wa kupewa habari za mchana na mama yake. Ni kiburi changu pekee nilichokuja nacho huku. Wewe ulikuwa nacho hicho hicho, Mama, na mimi nikakwambia ukitupe. Ulikitupa. Basi ningewezaje kubaki na changu?

Nilingoja Staffan aende shule na baba yake kazini. Nilisimama katikati ya jikoni nikayatamka kwanza kwa sauti, kwa Kifini, maana nakumbuka ni lazima yatoke kinywani mwa mtu. Nikayarudia. Ndipo nikakaa kuyaandika. Usimpe mtu akusomee. Soma mwenyewe, wote wakiwa jikoni, na usome kwa sauti uyasikie.

Mama, Saimi, amini kwamba dhambi zako zote, na uongo ule pamoja nazo, zimesamehewa kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Amini, uwe na amani.

Meli yangu ni ya Jumamosi, kisha treni, kwa hiyo Jumatatu mchana nitakuwa mlangoni. Nikifika tunywe kahawa, nikuchane nywele, unisimulie habari za Mansikki. Ila usiniulize kama niliamini nilipokuwa nayatamka. Ukiniuliza nitalazimika kukujibu.

Mwanao,
Hellevi